Kupambanua Maradhi ya Nafsi: Sehemu ya Pili, Muda na Msiba

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza kwamba kijana wa Kongo aliyehamia Marekani, akataka leseni ya kuwahudumia wagonjwa wa nafsi akiwa afisa wa ustawi wa jamii, katika majimbo mengi hana budi kufaulu mtihani ambao maswali yake juu ya maradhi hayo hufuata kitabu cha chama cha madaktari wa akili wa nchi ile, kilichosahihishwa mwaka 2022. Leo tutazame jambo linalowatatiza wanafunzi wengi, nalo ni muda.

Aghalabu maradhi mawili hufanana dalili, yakatengwa hasa na kalenda. Asikiaye sauti zisizokuwapo kwa muda usiotimia mwezi huhesabiwa kuwa na ugonjwa mfupi wa akili. Ukitimia mwezi bila kufika miezi 6, huitwa hali ifananayo na skizofrenia. Ukitimiza miezi 6, ndipo jina la skizofrenia lenyewe hustahili. Sonona hutaka wiki 2, na maradhi ya kiwewe zaidi ya mwezi. Haya huhifadhiwa kwa bidii, wala sitayarefusha.

Msiba ndio wenye ilimu nzito. Kitabu hicho mwaka 2022 kiliongeza maradhi ya huzuni ya kufiwa isiyokoma, kikamwekea mtu mzima miezi 12 tangu mauti, ilhali orodha ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka huohuo, yataka miezi 6. Fauka ya hesabu hiyo, vyote viwili vimeshurutisha kwamba huzuni iwe imepita mpaka wa ada na dini ya mfiwa. Na mpaka huo hauandikwi kitabuni, bali hujulikana kwa wenyewe. Hapa Kamina, nchini Kongo, mjane anayekaa kimya na kukataa mapambo mpaka jamaa waondoe matanga anatii sheria ya wazee wake, na mgeni asiyeijua sheria hiyo huenda akaudhani utii kuwa ugonjwa. Je, aliyekimbia vita vya wanamgambo wa Mai-Mai kaskazini ya Katanga mwaka 2005, asimzike ndugu yake wala kujua siku aliyokufa, hesabu yake ianzie wapi? Mtihani utamtaka mwanafunzi ahesabu tangu mauti, naye ajibu hivyo. Lakini akishakabidhiwa leseni na kuketi na mfiwa, kwanza amwulize kama matanga yalikaliwa, na nani aliyeyaondoa.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza maradhi ya furaha iliyopita kiasi, ambako siku 4 na siku 7 hutenga majina mawili.