Oili ya Pikipiki ya Kukodisha: Ni Juu ya Nani?

 

Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi kwa pikipiki zenye injini ndogo, chombo hiki kimeingia katika nyumba zetu za Pwani kwa mlango ambao wengi hawakuutazamia, nao ni mlango wa akina mama. Mjane aliyepata fungu lake la mirathi, muuza mahamri aliyepokea zamu yake ya chama, mama aliyetumiwa fedha na mwanawe aliyeko Ghuba: hao wote hununua pikipiki, wakamkabidhi kijana wa mtaani aiendeshe, na kila jioni wakangoja hesabu. Mwenye chombo hajui klachi wala kabureta. Ajualo ni kwamba pikipiki huondoka baada ya swala ya alfajiri, na fedha huletwa baada ya magharibi. Huwa hivyo mpaka siku injini inapogoma.

Siku hiyo ndipo maneno yanapoanza. Mama husema kijana amemuulia chombo chake. Kijana husema mama hakutoa fedha za oili. Na mara nyingi kila mmoja ni mkweli kwa alivyofahamu, kwa kuwa siku ya kukabidhiana funguo walizungumza hesabu, wakazungumza petroli, na oili haikutajwa kabisa. Sisi tunaohudumu misikitini twaijua vyema mizozo hii. Huvunja ujirani wa miaka kwa sababu ya chupa moja ya lita.

Tuanze na sheria. Mtu anapompa mwenziwe chombo akitumie kwa malipo maalumu ya kila siku, huo ni mkataba wa ijara, yaani ukodishaji, na mafakihi wameueleza kwa urefu. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika duru zetu tangu zamani, imeelezwa kuwa anayekodisha nyumba ndiye wa kukabidhi ufunguo na ndiye mwenye dhima ya matengenezo yake. Asipoharakisha kuitengeneza, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Lakini kuondoa taka za uani ni kazi ya mpangaji. Tazameni mgawanyo huo ulivyo wa haki: linalohusu uhai wa kitu ni la mwenyewe, na linalotokana na matumizi ya kila siku ni la anayekitumia.

Wanazuoni wa zama hizi wameufuata mgawanyo huohuo. Taasisi ya AAOIFI iliyoko Bahrain, ambayo huweka viwango vya kisheria kwa mabenki ya Kiislamu, imesema katika kiwango chake cha tisa, kinachohusu ijara, kwamba haifai kumshurutisha mkodi agharimie matengenezo makubwa yanayokifanya kitu kiendelee kutumika. Ama matunzo ya kawaida ya mara kwa mara, hayo yaweza kuwekwa juu yake. Kwa pikipiki maana yake ni hii: pistoni, ringi, silinda na sahani za klachi zikichakaa kwa kazi ya halali, ni juu ya mama. Petroli na kuosha ni juu ya kijana. Oili imekaa katikati, ni matunzo ya mara kwa mara, na kwa hivyo yafaa iwe juu ya yeyote kati yao maadamu wamekubaliana. Wasipokubaliana, ndipo hujuma huingia.

Na kuna jambo la pili ambalo akina mama hulisahau. Mkono wa aliyekodi ni mkono wa amana. Chombo kikiharibika mikononi mwake bila ya yeye kuvuka mipaka wala kuzembea, hadaiwi. Kama alipewa fedha za oili akazila, huo ni uzembe na ni lazima alipe. Kama aliomba fedha hizo mara tatu akaambiwa angoje mwisho wa mwezi, hana dhima, hata mama akilia. (Ama wale wanaogawana mapato nusu kwa nusu badala ya hesabu maalumu, wajue kuwa madhehebu yetu ya Shafi hayapitishi mkataba huo, ingawa Imam Ahmad ameuruhusu. Walio katika hali hiyo waulize kabla ya kuendelea.)

Sasa tuje kwenye oili yenyewe, kwani mwenye mali hana budi kuijua mali yake.

Katika gari, oili ya injini na ya giaboksi ni mbili mbalimbali. Katika pikipiki nyingi zinazobeba abiria kwetu, oili moja ya kiasi cha lita moja hivi hufanya kazi zote: hulainisha pistoni, hupoza injini, hubeba uchafu, huhudumia gia, na klachi nayo huogelea humo humo. Ndiyo sababu oili ya gari haifai. Baadhi ya oili za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli, na klachi ya pikipiki haishiki ila kwa msuguano. Utaona injini inanguruma kilimani lakini chombo hakivuti, na fundi atakwambia klachi imekwisha. Wajapani waliliona tatizo hili, na mwaka 1998 wakaweka kiwango cha JASO chenye herufi za kutambulisha. Kwa pikipiki yenye klachi ya mkono tafuteni chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2. Iliyoandikwa MB iacheni, hiyo ni ya skuta zisizotumia klachi ya namna hiyo.

Kisha ziko nambari. Chupa iliyoandikwa 20W-50 inaeleza uzito wa oili ikiwa baridi kwa nambari ya kwanza, na uzito wake injini ikipata moto kwa nambari ya pili. Baridi ya Ulaya haiko Kisauni wala Malindi, basi kwa mazingira yetu nambari ya pili ndiyo ya kutazamwa zaidi. Lakini asiwadanganye mtu kwamba nzito zaidi ni bora zaidi. Kila kiwanda kimeandika nambari yake katika kijitabu kinachokuja na pikipiki, na wako watengenezaji, Honda mmojawapo, wanaotaka 10W-30 kwa injini zao nyingi. Kijitabu hicho kisikunjiwe karanga.

Oili za sinthetiki ni ghali na ni nzuri. Hata hivyo, kwa pikipiki ya kazi naona oili ya kawaida iliyotimiza kiwango na kubadilishwa kwa wakati ni bora kuliko ya ghali inayovutwa miezi mitatu kwa sababu ya bei yake. Ya kupimiwa kwa chupa ya soda kutoka kwenye pipa lisilo na jina, hiyo msinunue hata mkipunguziwa nusu.

Na wakati wake ni upi? Hapa akina mama hukosea kwa kuhesabu miezi, ilhali injini huhesabu kilomita. Pikipiki ya mwalimu anayekwenda shule na kurudi yaweza kumaliza miezi mitatu kabla ya kutimiza kilomita 2,000. Pikipiki ya abiria inayokwenda kilomita 100 kwa siku huzimaliza kwa siku 20 za kazi. Ikiwa mpya, oili ya kwanza hubadilishwa mapema zaidi, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa kuwa vyuma vipya husagana na kuacha unga wake ndani.

Tufanye hesabu kwa mfano, na kila mmoja atie bei ya duka lake. Tuseme lita moja ni shilingi 700. Kwa siku 20 za kazi hiyo ni shilingi 35 kwa siku. Tuseme kufungua injini na kubadilisha ringi, pistoni na kuchonga silinda ni shilingi 15,000, mbali na siku ambazo hesabu haitaletwa. Kwa fedha hizo mama angebadilisha oili mara 21, nazo ni siku 420 za kazi. Kwa hivyo nawashauri watenge shilingi 50 za kila siku katika kibubu kabla hesabu haijaguswa. Kila baada ya siku 20 kibubu kina shilingi 1,000: 700 za oili, na zinazobaki ni za plagi, pedi za breki na cheni. Cheni kwetu huliwa na mchanga na upepo wa chumvi, isafishwe na kupakwa mafuta mara kwa mara, na ikichakaa ibadilishwe pamoja na sproketi zake, kwani sproketi kuukuu hula cheni mpya.

Kupima oili si kazi ya fundi peke yake. Pikipiki isimamishwe wima mahali tambarare, iwashwe dakika chache, izimwe, isubiriwe kidogo. Kijiti kitolewe, kifutwe, kirudishwe kama kijitabu kinavyosema, kitazamwe tena: oili iwe baina ya alama mbili. Ikizidi nayo ni madhara. Weusi peke yake usiwatie hofu, oili inayosafisha lazima ichafuke. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Iking'aa chembe za chuma, kuna kitu kinasagika, na chombo kisiondoke siku hiyo.

Yote haya yaandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya deni katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudisha. Ukurasa mmoja wa daftari watosha: hesabu ni kiasi gani, oili ni aina gani na ni juu ya nani, itabadilishwa kila kilomita ngapi, mashahidi ni nani. Kila oili ikibadilishwa, iandikwe tarehe na nambari ya kilomita, kijana atie sahihi na mama atie yake.

Limebaki suali ambalo wake za vijana hawa huniuliza. Oili si najisi, na kanzu yenye doa lake yafaa kusalia. Lakini ikiganda juu ya ngozi huzuia maji yasifike, na udhu hautimii mpaka iondolewe. Sabuni ya unga na mchanga kidogo huitoa. Ikibaki rangi tu katika mikunjo ya vidole, isiyo na mwili wa kuzuia maji, haidhuru.