Mbwa Analia Ukitoka Nyumbani? Huenda Si Utundu, ni Hofu

Kila siku kabla ya jua kuchomoza, wakazi wengi wa Kitengela huwa tayari wako barabarani kuelekea Nairobi, Athi River na viwanda vya EPZ. Wengi hurudi giza limeingia. Katika nyumba nyingi anayebaki nyuma ya geti ni mbwa, peke yake, kwa saa 12 au zaidi.

Baadhi ya mbwa hao hulala tu wakimsubiri mwenyewe. Wengine hulia mchana kutwa, huguguna mlango, huchimba chini ya ua au huruka ukuta. Jirani hukasirika, mwenye mbwa hukasirika zaidi, na mara nyingi mbwa huishia kupigwa, kufungwa mnyororo au kupelekwa mbali na kutupwa. Hatua hizo haziondoi tatizo. Zinalizidisha, kwa sababu mbwa wa namna hii hafanyi utundu. Ana hofu ya kuachwa peke yake.

Hofu hii ni nini?

Mbwa ni mnyama wa kukaa na wenzake. Katika boma la wafugaji huandamana na ng'ombe na mbuzi malishoni, au hubaki bomani ambako kuna akina mama, wazee na watoto. Ni nadra kukaa siku nzima bila kumwona mtu. Maisha ya ploti yenye ukuta na geti lililofungwa ni tofauti kabisa, na si kila mbwa anayazoea bila kufundishwa.

Mbwa mwenye hofu hii huingiwa na wasiwasi mkubwa anapoachwa. Dalili zake ni kubweka au kulia kwa muda mrefu, kutokwa na mate mengi, kuhema, kuzungukazunguka, kukataa chakula, kukojoa ovyo hata kama amefundishwa, na kuharibu hasa milango na madirisha, yaani pale alipokuona ukitokea. Kwa kawaida dalili huanza ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya mwenyewe kuondoka.

Usikate kauli haraka, maana si kila kelele ni hofu hii. Mbwa anayebwekea wapita njia analinda. Mbwa mchanga anayetafuna viatu hata ukiwepo anaota meno au amechoshwa na kukaa bure. Mbwa anayetetemeka mvua ya radi ikija anaogopa kelele. Anayekojoa ovyo ghafla anaweza kuwa mgonjwa. Njia rahisi ya kujua ni kuacha simu ikirekodi video unapotoka, kisha uitazame ukirudi.

Aina zinazotajwa zaidi

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini walichapisha utafiti kuhusu mbwa zaidi ya 13,700. Takriban asilimia 5 walikuwa na matatizo ya kuachwa peke yao. Hofu ya kelele ndiyo iliyoongoza, kwa asilimia 32. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba tabia za hofu hutofautiana sana kati ya aina moja ya mbwa na nyingine.

Miongoni mwa aina zinazofugwa sana hapa kwetu, German Shepherd na Labrador hutajwa mara nyingi. Sababu inaeleweka. German Shepherd alianza kuzalishwa Ujerumani mwaka 1899 kwa kazi ya kuchunga kondoo, na Labrador alifanya kazi na wavuvi na wawindaji. Hawa ni mbwa waliochaguliwa, kizazi baada ya kizazi, ili wafanye kazi bega kwa bega na binadamu. Mbwa wadogo kama Maltese, Chihuahua na Japanese Spitz walizalishwa ili wakae na watu nyumbani, hivyo nao huumia wakiachwa.

Hata hivyo, aina peke yake haiamui. Mbwa wa kawaida wa mtaani, mbwa chotara, na hata yule mkali anayeogopwa getini wanaweza kupata hofu hii. Walio hatarini zaidi ni wale waliotenganishwa na mama zao mapema mno, waliobadilisha wenyewe mara kadhaa, waliowahi kutupwa, na wale ambao ratiba ya nyumba imebadilika ghafla, kwa mfano mtu aliyekuwa akifanya kazi nyumbani anaporudi ofisini.

Kwa nini kiboko hakisaidii

Ukirudi saa mbili usiku na kumpiga mbwa kwa mlango alioguguna asubuhi, hawezi kuunganisha kipigo na mlango. Anachojifunza ni kwamba kurudi kwako nako kunatisha. Ule uso wa "najua nimekosa" ni woga wa hasira yako. Mnyororo wa kutwa nao humfanya ahangaike hadi ajiumize, na mbwa anayefungwa hivyo anaweza kuwa mkali zaidi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inaharamisha kumpiga na kumtesa mnyama.

Unachoweza kufanya

1. Mchoshe kabla ya kutoka. Matembezi ya dakika 20 hadi 30 alfajiri humfanya apumzike ukiondoka.

2. Mzoeze kidogo kidogo. Toka nje kwa sekunde chache, rudi kabla hajaanza kulia. Ongeza hadi dakika moja, tano, kumi. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo ianze wikendi au ukiwa likizo.

3. Ondoa ishara za safari. Shika funguo au vaa viatu, kisha ukae tu. Atazoea kwamba funguo si lazima zimaanishe unaondoka.

4. Toka na urudi kwa utulivu. Usimuage kwa muda mrefu, na ukirudi msubiri atulie ndipo umsalimie.

5. Mwachie shughuli. Mwanasesere wa mpira wenye tundu uliojazwa chakula humpa kazi wakati ule mgumu wa kwanza. Mwachie pia maji ya kutosha na kivuli, maana jua la Kajiado ni kali.

6. Tafuta mtu. Mfanyakazi wa nyumbani, jamaa au jirani anayepita adhuhuri hupunguza saa za upweke. Zungumza na jirani mapema, kabla kelele hazijawagombanisha.

Usimpe mbwa dawa za binadamu za usingizi au za mafua ili anyamaze. Zinaweza kumuua. Zipo dawa za kutuliza hofu kwa mbwa waliozidiwa, lakini huandikwa na daktari wa mifugo na hutumika pamoja na mafunzo haya. Hakikisha daktari huyo amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Inatuhusu sote

Mbwa anayeruka ukuta kwa hofu hukutana na mbwa wa mtaani, na hapo ndipo hatari ya kichaa cha mbwa inapoingia. Asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Mchanje mbwa wako kuanzia umri wa miezi 3, na urudie kila mwaka. Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mbwa anayetupwa naye haishii kutoweka. Hujiunga na makundi yanayozurura, na hasara huwafikia wafugaji wanaoamka na kukuta mbuzi wameraruliwa.

Kwa hiyo, iwe unaishi Kitengela, Kajiado mjini au Entarara, jiulize kabla ya kuchukua mbwa: nani atakuwa naye mchana? Usimchukue akiwa chini ya wiki 8, na mzoeze kukaa peke yake tangu siku za kwanza. Samaki mkunje angali mbichi. Ikiwa kwako hakuna mtu kutoka alfajiri hadi usiku, pengine kengele ya geti na taa nzuri zitakufaa kuliko mbwa.

Ikiwa tayari unaye na amekushinda, usimtupe. Fika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako upate ushauri wa afisa wa mifugo.