Radiani: kutoka Singida hadi ikweta

Singida mjini ni nyuzi 4.8 kusini mwa ikweta. Sasa, ni kilomita ngapi hadi ikweta yenyewe? Ukizidisha 4.8 kwa nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, unapata 30,581: zaidi ya robo tatu ya mzunguko wa dunia. Haiwezekani! Nyuzi 360 ni mgawanyo wa kujichagulia tu. Radiani inatoka kwenye duara lenyewe: chukua kamba yenye urefu wa nusu kipenyo, ilaze kwenye mzingo, pembe inayoikabili pale katikati ni radiani 1, kama nyuzi 57.3. Kwa hiyo gawa 4.8 kwa 57.3, unapata radiani 0.0838. Zidisha sasa: kilomita 534 hivi, kaskazini moja kwa moja (siyo kwa barabara ya Nzega, hiyo inazunguka).