Mkataba wa Biashara wa Afrika Unamhusu Nini Muuza Viazi?



Mama anayeuza viazi soko la Karatina anaweza kusema, "Hayo ya mikataba ni ya wakubwa." Lakini bei ya gunia lake inaweza kuguswa na karatasi iliyotiwa sahihi mbali na Nyeri. Basi tuelewane.

Tarehe 21 Machi 2018, huko Kigali, nchi 44 zilitia sahihi mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika. Kenya na Ghana zilikuwa za kwanza kuuidhinisha. Ulianza kuwa na nguvu tarehe 30 Mei 2019.

Wanabishania nini?

Watu 20 wa kikundi kukubaliana mchango wa mwezi ni kazi. Sasa fikirini nchi zaidi ya 50! Kila moja inataka kuuza kwa wengine bila ushuru, na papo hapo inataka kulinda wakulima wake. Kwa hivyo walikubaliana hivi:

1. Kati ya aina 100 za bidhaa, 90 ziondolewe ushuru pole pole: miaka 5, na 10 kwa nchi maskini zaidi.
2. Aina 7 zipewe muda mrefu zaidi.
3. Aina 3 zibaki na ushuru wao.

Hapo ndipo penye vita: ni bidhaa gani ziingie katika zile 7 na 3? Tena Kenya haiandiki orodha yake peke yake. Lazima ipatane na wenzake wa Afrika Mashariki, maana tuna ushuru mmoja wa forodha.

Jambo lingine ni asili ya bidhaa. Shati la ng'ambo likibandikwa tu jina jipya Mombasa, haliwi la Afrika.

Ushuru si kila kitu

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya ukungu. Ushuru haukuwepo, lakini malori yalikwama. Kwa hivyo anikeni mazao vizuri. Mlango ukifunguliwa, mali chafu itarudishwa.

Tufanye nini?

Sheria ya mwaka 2012 inataka mikataba ipitie Bunge na wananchi wasikizwe. Katika mkutano ujao, andikeni: tunauza nini, gharama yetu ni ngapi, na bidhaa gani ya nje inatuumiza. Mpelekeeni mbunge wenu, na mwekeni nakala.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.