Kabla SGR Ipite Emali, Gedi Walikuwa Washakula Kwa Sahani za China

Uliza msee yeyote kwa base hapa Kalamba Wachina walianza kuonekana Kenya lini, atakushow ni ile time ya SGR. Simlaumu. Hiyo treni ilianza kubeba abiria 2017 na sisi tunaidandia tu hapo Emali. Lakini ukiteremka Mombasa, ushike matatu ya Malindi na umwambie makanga akushushe Gede, kuna mji mzima wa mawe umelala ndani ya msitu. Wasee wa huko walikuwa na vitu za China kitambo sana.

Mji unaitwa Gedi. Ulianza karne ya 11 ama ya 12, na ukuta wa nje ulizunguka kama ekari 45. Ndani kulikuwa na ikulu, msikiti mkubwa, na makeja za mawe zenye choo humo humo. Maze, choo ya ndani! Na kuna plot leo wapangaji kumi wanapigania moja.

James Kirkman alianza kuchimba hapo 1948. Nyumba zikapewa majina kulingana na kitu iliokotwa ndani, ndio maana kuna Nyumba ya Makasi, na kuna Nyumba ya Pesa za China. Zile sarafu zina shimo la mraba katikati. Sahani na bakuli za kaure za China nazo zilipatikana mob.

Hiyo haimaanishi Mchina aliishi Gedi. Mzigo ulipita mkono kwa mkono, India, Uarabuni, halafu majahazi yakauleta na upepo wa kaskazi. Lakini kufika Pwani walifika, na meli za Zheng He. Malindi, hapo karibu tu, ilituma twiga mzima hadi kwa mfalme Yongle mwaka 1415. Nanjing ndio ilikuwa mji mkuu wa China wakati huo.

Halafu mapema karne ya 17, Gedi ikabaki mahame. Wengine wanasema ni Wazimba waliopita Pwani wakichafua 1589. Wengine, Waoromo. Pia sultani wa Malindi alihamia Mombasa na Wareno, biashara ikamfuata.

Ile theory inanigusa mimi kama mtu wa Ukambani ni ya maji. Kisima cha karibu na msikiti mkubwa kiliongezwa kina, kumaanisha maji yalikuwa yanashuka na watu wanayafuata chini. Hiyo tunaijua. Unachimba mchanga wa mto, kesho unachimba tena zaidi, punda amesimama na mitungi akingoja. Wenye ganji za China pia walifika hapo. Chuo niliachia njiani, lakini hii hata darasani sikuwahi iskia.

UNESCO waliiweka Gedi kwa orodha ya urithi wa dunia 2024. Kisima bado kiko. Ukienda, chungulia.