Mnyama Akiugua na Mshahara Haujatoka



Wanachama wetu wa Gitega na wa Muyinga huuliza swali moja mara nyingi: mnyama wa nyumbani ameugua, mwisho wa mwezi ungali mbali, na veterineri anataka fedha taslimu. Mtu afanye nini? Makala haya yanaeleza gharama hiyo inatoka wapi, na jinsi tunavyoweza kuipunguza tukishirikiana.

Kwanza ieleweke kwamba hatuzungumzi juu ya matajiri. Tunazungumza juu ya mwalimu mwenye mbuzi wawili nyuma ya nyumba, mlinzi wa usiku mwenye mbwa, na kibarua wa kituo cha kuoshea kahawa mwenye ng'ombe mmoja. Mbuzi ni samadi ya shamba na daftari za watoto. Mbwa hulinda nyumba baba akiwa kazini, na watoto humhesabu kama mmoja wao. Mnyama huyo akifa, mshahara unabaki ule ule lakini nyumba imerudi nyuma.

GHARAMA INATOKA WAPI?

Gharama ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni safari. Veterineri huja kwa pikipiki, na anayemwita ndiye anayelipa. Mwaka 2024, petroli ilipoadimika nchini, kila mtu aliona jinsi safari fupi inavyoweza kuwa ghali. Tuchukue mfano wa hesabu tu, maana bei hubadilika. Tuseme safari ni faranga 20,000 na chanjo moja ni faranga 3,000. Nyumba moja ikimwita peke yake italipa 23,000. Nyumba kumi zikimwita siku moja, kila nyumba italipa 2,000 ya safari na 3,000 ya chanjo, yaani 5,000. Veterineri ni yule yule na dawa ni ile ile, ila sasa safari imegawanywa.

Ya pili ni dawa. Dawa ya mnyama hupimwa kwa uzito wake. Mtu akinunua nusu ya kipimo kwa sababu ya umaskini, hajaokoa kitu: ugonjwa hurudi, na pengine dawa ile haitafaa tena. Dawa inayouzwa sokoni juani, bila maelezo, ni hasara ya namna hiyo hiyo.

Ya tatu ni kuchelewa, na hii ndiyo kubwa. Chukua ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Ng'ombe hupata homa, na tezi zilizo chini ya masikio huvimba. Akitibiwa siku za kwanza anaweza kupona. Akingojewa mpaka apumue kwa shida na povu limtoke puani, dawa ile ya bei kubwa mara nyingi hununuliwa bure. Lakini kunyunyizia dawa ya kupe kwa wakati ni gharama ndogo, na bomba moja la mgongoni hutosha nyumba nyingi.

KINGA KABLA YA TIBA

Kuna maradhi ambayo hata mwenye fedha hawezi kuyatibu. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipoingia nchini mwishoni mwa 2017, ikabidi wanyama wachanjwe kwa wingi mwaka 2018. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Lakini chanjo moja humlinda mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi.

Kichaa cha mbwa ni kibaya zaidi. Dalili zikishaonekana, kwa mbwa au kwa mtu, hakuna tiba. Duniani ugonjwa huu huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Chanjo za mtu aliyeumwa ni nyingi na ni ghali kuliko ile moja ya mbwa kwa mwaka. Basi asiyemchanja mbwa wake hajabana matumizi. Amelihamisha deni tu, na pengine limemwangukia mtoto wa jirani.

MAMBO YA KUEPUKA

Usikimbilie mkopeshaji wa riba. Mbuzi atapona au atafa, lakini riba itaendelea kula mshahara wako.

Usimuuze wala kumchinja mnyama mgonjwa ili kuokoa fedha. Mwaka 2022, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka, serikali ilikataza kuhamisha, kuuza na kuchinja ng'ombe, mbuzi na kondoo, kwa sababu ugonjwa huo huwapata na watu. Kimeta nacho huua mchinjaji na mlaji.

Tena, kabla ya kulipa, muulize veterineri waziwazi: atapona? Itagharimu kiasi gani mpaka mwisho? Akisema hakuna tumaini, si ukatili kukubali. Ni afadhali kuliko kumtesa mnyama na kuwakosesha watoto chakula.

SANDUKU LA KUSAIDIANA

Watumishi wa serikali wanaijua Mutuelle yao iliyoanzishwa mwaka 1980. Mzima humchangia mgonjwa, na kesho yeye hupata zamu yake. Mutuelle haimtibu mbuzi, lakini njia yake twaweza kuifuata. Wenye kuzoea ikirimba hawatashindwa. Masharti yawe machache:

1. Nyumba kumi hadi ishirini za karibu, mchango mdogo siku ya mshahara.
2. Daftari moja linalosomwa mbele ya wote, na sanduku lenye funguo mbili kwa watu wawili.
3. Fedha zilipe chanjo na dawa ya kupe kwanza, kisha safari ya veterineri.
4. Dawa ya mgonjwa iwe mkopo usio na riba, urudishwe kwa miezi.

Pamoja na hayo, tuna la kudai. Tangu 2025 mikoa ni mitano, Muyinga iko katika mkoa wa Buhumuza, na komini zimepungua kutoka 119 hadi 42. Komini ikiwa pana, safari nayo ni ndefu. Kwa hiyo kila kamati iiombe komini yake siku maalum ya veterineri kufika kilimani, itangazwe mapema. Sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018 inatutaka tufugie wanyama zizini. Tumetii. Basi na huduma itufikie zizini.

Kila kamati ilete orodha ya nyumba zake kwenye mkutano ujao, pamoja na hesabu ya mbwa, mbuzi na ng'ombe. Sanduku lianze kabla mnyama hajaugua, kwani akishalala chini tutakuwa tumechelewa.