Chikanda: Biashara Inayolipa Bila Shamba

Chikanda haijawahi kukosa walaji. Kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba, viazi vidogo vya okidi za porini hukaushwa na kutwangwa. Unga wake hupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi mpaka ugande kuwa chikanda. Kilichoanza kama mboga ya kijijini sasa ni kitafunio cha mjini, hukatwa vipande na kuuzwa barabarani.

Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi waligeukia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi waliandika katika jarida la Oryx kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivuka kwenda Zambia kila mwaka. Vilichimbwa Mbeya na Makete, wilaya iliyokuwa mkoani Iringa kabla ya mkoa wa Njombe kuanzishwa.

Kwa mchimbaji, hesabu ni nyepesi mno. Hanunui mbegu wala mbolea, hakodi shamba, hapalilii. Mtaji wake ni jembe na nguvu zake, na chochote anacholipwa ni faida. Mnunuzi naye anajua hivyo, ndiyo maana bei ya kijijini hubaki chini.

Shida iko ardhini. Okidi za jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria kwa kawaida huwa na viazi viwili: cha zamani kilicholisha shina la mwaka huu, kimesinyaa, na kipya kilichojaa, akiba ya mwakani. Mchimbaji hutaka kile kipya, na akikichukua, mmea umekwisha. Kuotesha mwingine si kazi ndogo: mbegu ya okidi ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti bila kuvu maalumu kwenye udongo. Linganisha na kiazi mviringo cha Uyole, Mbeya, kinachopandwa kimoja na kuvunwa vingi baada ya miezi michache.

Korea nako huliwa chakula cha porini, dotorimuk, kinachogandishwa kutokana na wanga wa matunda ya mwaloni. Kazi yake ni kubwa, maana lazima matunda yalowekwe kuondoa tanini chungu. Lakini huokotwa chini, na mti hubaki umesimama kuzaa tena. Biashara ya aina hiyo hubanwa na gharama ya usindikaji. Chikanda inabanwa na kitu kibaya zaidi: kila gunia linapunguza lijalo. Uturuki imeonja hali hiyo kwa salep, unga wa viazi vya okidi unaotiwa kwenye aiskrimu, ikalazimika kuzuia kuuza viazi hivyo nje.

Nchini Tanzania, mwaka 2005 Kitulo, uwanda wa juu wa Nyanda za Juu Kusini unaoitwa na wenyeji Bustani ya Mungu, ukawa hifadhi ya taifa, na biashara ya viazi vya okidi ilikuwa mojawapo ya sababu. Mkataba wa kimataifa wa CITES nao unadai kibali kwa okidi zinazovuka mipaka. Hata hivyo kiazi kikishakaushwa, ofisa wa mpakani Tunduma hawezi kutambua spishi kwa macho, na okidi nyingi humea nje ya hifadhi, kwenye nyanda za nyasi ambazo wakulima wa viazi mviringo nao wanazilima.

Kwa hiyo chikanda inalipa leo kwa sababu tu bei yake haina gharama ya kuotesha. Siku gharama hiyo itakapoingizwa, chikanda haitaweza kushindana na kiazi mviringo. Mwenye fedha za kuwekeza Makete asiziweke kwenye chikanda.